Kupanga msafara wa magari ya spoti kutoka Dar hadi Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na ndani ya kilomita hizo barabara inapanda karibu mita 1,000. Kona zinafuatana bila kupumua: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde linalozidi kwenda chini kadiri unavyopanda. Kwa mwenye Impreza, Evo, Toyota 86, Fairlady au Golf GTI, hii ni barabara ya kuifungia safari. Unaifikia ndani ya siku moja kutoka Dar es Salaam, njia kuu ni lami mwanzo hadi mwisho, na siku 3 zinatosha: Ijumaa kwenda, Jumamosi kukaa, Jumapili kurudi.

Msafara ukiwa na magari 7, unakwenda kwa kipimo cha vitu vitatu: gari lililo chini kuliko yote, tangi dogo kuliko yote, na dereva mgeni kuliko wote. Panga kila kitu kwa kuwatazama hao. Anayepanga kwa kutazama gari lenye nguvu kuliko yote atajikuta Segera, mbali mbele njiani, na magari 3, huku mengine 4 yametapakaa nyuma kuanzia Msata.

Idadi na daftari la magari

Magari 6 hadi 8 ndiyo kiasi kizuri. Yakifika 10, gawa makundi mawili yaachane kwa dakika 15, kila kundi na kiongozi wake na gari lake la mwisho. Sababu ni malori. Msururu wa magari 10 nyuma ya semi ya trela unawafungia njia hata watu wasiohusika na safari yenu, na basi linalotaka kuwapita nyote litajaribu kufanya hivyo mahali pabaya.

Wiki tatu kabla, kila dereva aandike mambo haya katika daftari moja: ujazo wa tangi, kilomita anazopata kwa lita, gari liko juu ya ardhi kwa sentimita ngapi (apime kwa rula mahali palipo chini kabisa, mara nyingi ni mdomo wa bampa ya mbele au egzosi), na habari za magurudumu yake. Hapo kwenye magurudumu ndipo pa kutumia muda.

Magari mengi ya spoti hayana spea kamili. Toyota 86 nyingi zilizotoka Japani zina chupa ya dawa ya kuziba na kompresa tu. Nyingine zina ile spea nyembamba yenye onyo la kutozidi kilomita 80 kwa saa. Dawa ya kuziba haisaidii tairi likichanika ubavuni, na ubavu mfupi wa tairi la 45 au 40 (namba ya kimo cha ubavu) ndio unaochanika ukigonga ukingo wa shimo. Kwa hiyo msafara ubebe spea kamili za kushirikiana, na ili zishirikiane lazima mjue nani anaingiliana na nani.

Impreza WRX nyingi na Toyota 86 zina nati 5 kwa mduara wa milimita 100, na tundu la katikati la milimita 56.1. Hizo zinaazimana vizuri. Impreza STI za kuanzia 2005 zilihamia mduara wa 114.3, lakini zikabaki na tundu la 56.1. Altezza na Mark X zina 114.3 na tundu la 60.1, Fairlady 114.3 na 66.1, Evo 114.3 na 67.1. Rimu yenye tundu kubwa inaingia kwenye habu ndogo, lakini kinyume chake haiwezekani. Rimu ya STI haiingii kwenye Mark X hata nati zikilingana kabisa. Kwa kundi la 114.3, spea inayofaa kubebwa ni ya Evo au nyingine yenye tundu la 67.1 au zaidi, pamoja na pete za kuikaza katikati kwa magari yenye habu ndogo. Jambo jingine: breki kubwa za Brembo hazikubali rimu ya inchi 16. Jaribuni spea hizo nyumbani, kwenye kila gari, gurudumu la mbele na la nyuma. Dakika 20 za kazi hiyo zinaokoa saa 5 za kusubiri pembeni ya barabara pale Mkata.

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yana sharti la ziada. Spea yenye kimo tofauti na tairi nyingine inalazimisha difu ya kati kufanya kazi muda wote, ikapata moto na kuharibika. Tumia spea ya hivyo kufika tu kwa fundi pancha wa karibu, polepole, kisha rudisha tairi lako.

Ukaguzi wa gari, wiki mbili kabla

Usifanye siku moja kabla. Ukigundua pedi zimekwisha siku ya Alhamisi jioni, utafunga zozote utakazopata, na pedi mpya ambazo hazijazoea diski ni hatari kwenye mteremko wa Soni, kati ya Lushoto na Mombo.

Anza na breki, kwa sababu safari hii inaisha kwa mteremko mrefu. Unene wa pedi uwe angalau milimita 5 kila gurudumu. Mafuta ya breki yabadilishwe kama yamepita miaka 2, au kama hujui yalibadilishwa lini, jambo la kawaida kwa gari lililonunuliwa mkononi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4 kinataka yakiwa mapya yachemke kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kwa gari la mtaani tu DOT 4 mpya inatosha. Wenye magari mazito au yenye nguvu nyingi waweke DOT 5.1. DOT 5 isiyo na ile .1 ni silikoni, haichanganyiki na nyingine, msiitie.

Matairi yana umri ulioandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka 6 tusilipeleke mlimani hata kama kashata (meno ya tairi) bado zinaonekana nzuri, kwa sababu mpira umekauka na kwenye lami yenye unyevu halishiki. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha mlangoni, ukiongeza psi 2 kama kuna abiria wawili na mizigo. Saa 6 mchana Korogwe utakuta psi zimepanda. Ziache. Anayepunguza upepo wa tairi la moto atakuwa na tairi laini kesho yake asubuhi huko kwenye baridi.

Injini za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimepangwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100. Ya kwetu vituoni iko chini ya hapo. Mjini huoni tofauti, ila kwenye mpando mrefu, joto la mchana, gia kubwa na mguu umekandamiza, injini inaanza kugonga: sauti ya kokoto ndogo ndani ya kopo. Dawa ya haraka ni kuteremsha gia, kuruhusu mzunguko uende 3,500 hadi 4,500 na kulegeza mguu. Mwenye gari lililoongezewa presha ya turbo arudishe presha ya kiwandani kabla ya safari. Mlimani hapa hapahitaji zaidi.

Injini za Subaru hula oili. Kagua dipstiki kila mnapojaza mafuta, na beba lita 2 za oili ileile iliyomo ndani. Kwa zile zenye belti ya taimingi badala ya cheni, belti hiyo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Kama hujui historia yake, badilisha pamoja na pampu ya maji. Rejeta ikaguliwe mfuniko na mipira yake, na kila gari libebe lita 5 za maji.

Vifaa vya pamoja: kompresa ndogo ya upepo, seti ya kuziba tubeless, spana ya torki (nati nyingi za magari haya hukazwa kati ya Nm 100 na 120), waya wa kubustia betri, jeki fupi ya gereji, na vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita 4. Mbao hizo ni za gari lililoshushwa: tairi likiisha upepo, jeki ya kiwandani haiingii chini yake. Unasogeza gurudumu zima lililo jirani juu ya ubao, unapata nafasi. Kila gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na tarehe, sanduku la huduma ya kwanza, na ile ndoano ya kuvutia ya kuskurubu. Ndoano hiyo huwa imepotea kwa mmiliki wa kwanza, basi fungua sanduku uione kwa macho.

Kuhusu kuvutwa: magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yasivutwe yakiwa yameinuliwa mbele au nyuma tu. Yanataka lori la kubeba gari zima juu. Tafuteni mapema namba ya mwenye lori la namna hiyo, Dar na upande wa Tanga au Korogwe, na mkubaliane bei kabla ya safari.

Karatasi ni fupi: leseni hai, bima hai, madeni ya faini yamelipwa. Someni vizuri masharti ya bima kuhusu mashindano. Bima kubwa kwa kawaida haifidii ajali iliyotokea kwenye mbio, na ndiyo maana msafara usipime muda, usipange nafasi, wala usiandike popote neno mashindano.

Njia na saa

Pitieni Bagamoyo, msipitie Kibaha na Chalinze. Barabara ya Morogoro ina malori ya bandarini usiku na mchana. Ile ya Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami zenye utulivu, mnavuka bonde la Ruvu kwenye mwanga wa asubuhi, jua liko mgongoni. Angalieni ng'ombe tu.

Kitabu cha njia kichapishwe karatasi moja kwa kila gari, kwa sababu simu inaisha chaji na mtandao hukatika mlimani. Njia nzima ina makutano manne ya kukumbuka:

Kabla ya mji wa Bagamoyo: kushoto, barabara ya Msata.
Msata: kulia, kuelekea Segera.
Segera: kushoto, kuelekea Korogwe na Moshi. Anayenyoosha anakwenda Tanga.
Mombo: kulia, kupanda Lushoto.

Saa zenyewe tunapendekeza hivi. Kukutana Tegeta saa 11:30 alfajiri, matangi yamejaa tangu jana. Kuondoka saa 12. Bagamoyo saa 1, chai dakika 20. Msata saa 2:20. Kunyoosha miguu Mkata au Kabuku. Segera saa 4:45, Korogwe saa 5:10, mle chakula cha mchana na kujaza mafuta kwa saa nzima. Mombo saa 7. Lushoto kabla ya saa 9 alasiri. Ni jumla ya kilomita 350 hivi. Mkichelewa kuondoka kwa saa 2, mtakutana na mabasi ya Arusha na Moshi yakiwa yamepamba moto kati ya Korogwe na mto Wami, na jioni mtapanda mlima kwenye ukungu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, mawe na udongo huporomoka barabarani kati ya Mombo na Soni. Safari ya kipindi hicho ihamishiwe tarehe nyingine. Juni na Julai ni kavu lakini Lushoto kuna baridi kweli, mtu abebe sweta.

Mafuta: tangi la Toyota 86 ni lita 50, na gari linalokula lita 1 kwa kilomita 8 linafika Korogwe bila wasiwasi. Jazeni Korogwe mkienda. Kupanda, kuzunguka na kushuka tena hadi Korogwe ni karibu kilomita 170. Hata kwa kilomita 6 kwa lita ni lita 28 tu, hivyo hakuna haja ya kutegemea vituo vya mlimani. Magari yote yasijaze kituo kimoja. Nusu waende hiki, nusu kile. Kituo kikiwa na mafuta yenye maji, mtakuwa na magari 3 mabovu na 4 mazima ya kusaidia, badala ya 7 yaliyolala. Na mkikuta lori la mafuta linashusha kituoni, ondokeni: uchafu wa chini ya tangi umetibuliwa.

Mpangilio barabarani

Kiongozi ni dereva anayeijua njia na asiyependa sifa. Nafasi ya pili apewe dereva mgeni au mwenye gari dogo kuliko yote. Akiwekwa nyuma atakimbiza wenzake siku nzima. Wenye nguvu wakae nyuma, na wa mwisho kabisa awe fundi au mtu mwenye vifaa. Huyo wa mwisho hampiti mtu. Gari likisimama, yeye anasimama nalo.

Nafasi kati ya gari na gari iwe sekunde 3. Kwa kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 67. Kwenye eneo lenye malori ongezeni hata mara mbili, ili mtu mwingine aweze kuingia katikati yenu akiwapita. Msimzomee kwa taa, hiyo nafasi ni yake pia.

Sasa jambo linalowakamatisha wengi. Kijijini kibao ni 50. Kiongozi anatoka mwisho wa kibao, anaongeza mwendo kihalali hadi 80. Gari la 7 bado liko katikati ya kijiji, linaona wenzake wanapotea, dereva anakanyaga. Hapo ndipo alipo askari na tochi ya kupima mwendo, na pia ndipo alipo mtoto anayevuka kwenda shule. Msururu wa magari 7 kwa kilomita 50, sekunde 3 kila nafasi, una urefu wa karibu mita 280. Kwa hiyo kiongozi akitoka kijijini abaki kwenye 50 kwa mita 300 zaidi, ndipo aongeze taratibu. Kiongozi akishika kanuni hii moja, nusu ya matatizo ya msafara yanaondoka.

Kwenye makutano yale manne, kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Ukifika unapokunja, ukitazama kioo humwoni mwenzako, simama mahali salama mpaka akuone umekunja. Ndipo uende. Kwa njia hii hakuna atakayefika Tanga akidhani anakwenda Lushoto, na hakuna haja ya kupigiana simu mkiendesha. Abiria ndiye ashike simu. Redio za mkononi ni nzuri, lakini zina masharti ya leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), ulizieni kabla ya kununua.

Matuta na rasta: gari lililoshushwa liingie tuta kwa pembe, gurudumu moja kwanza, mwendo wa kutembea kwa miguu, bila kushika breki wakati pua inavuka. Ukishika breki springi za mbele zinashuka na bampa inalamba tuta. Wa nyuma ampe nafasi ya kutosha, awashe hazadi kama kuna gari linakuja kasi. Kwa gari lenye chini ya sentimita 10 tunashauri libaki nyumbani, au mwenye nalo arudishe springi za kiwandani.

Kulipita lori

Hesabu yake ni hii. Semi ya mita 18 inakwenda 60, wewe unakwenda 100. Kuanzia unapotoka mita 25 nyuma yake hadi unaporudi mita 25 mbele yake, unahitaji karibu sekunde 7, na ndani ya muda huo unakula zaidi ya mita 180 za barabara. Basi linalokuja mbele kwa 100 nalo linakula kiasi kilekile. Kwa hiyo chini ya mita 400 za kuona wazi, usitoke. Nguvu za injini hupunguza sekunde chache tu katika hesabu hiyo.

Kila dereva anaamua mwenyewe kwa macho yake. Gari la mbele halimwambii wa nyuma "njoo, kweupe", iwe kwa redio, kwa mkono au kwa indiketa. Njia iliyokuwa nyeupe kwake sekunde chache zilizopita imeshabadilika. Madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kulia maana yake subiri, ya kushoto maana yake pita. Ipokee kama taarifa, kisha hakikisha mwenyewe, kwa sababu indiketa ya kulia inaweza pia kuwa anakunja kweli.

Aliyepita asipunguze mwendo ghafla mbele ya lori kusubiri wenzake. Aendelee, aache nafasi ya kutosha magari mawili kurudi. Wote mtakutana kwenye kituo kinachofuata, hakuna anayepotea kwenye barabara yenye makutano manne.

Kupanda

Kuanzia Korogwe mashamba ya mkonge yanatandaza mistari yake hadi milimani, na ukuta wa Usambara unakaa kulia kwenu. Hapo abiria wapige picha, dereva atazame mbele. Mombo simameni dakika 15. Kagueni nati za magurudumu, oili, na muulize bodaboda wa pale hali ya barabara juu: kama kuna jiwe limeshuka asubuhi, wao wanajua.

Ongezeni nafasi hadi sekunde 5 au zaidi. Kama mnataka kila mtu aionje barabara, mwachianishe gari na gari dakika 2, wa mwisho akiwa bado wa mwisho. Huo ndio utamu wenyewe: kona yako peke yako, bila taa za breki za mwenzako mbele.

Barabara ni nyembamba na Coaster zinazoshuka hukata kona. Baki upande wako hata kama unaona wazi, piga honi fupi kabla ya kona usiyoona mwisho wake, na tarajia nyuma yake mtu mwenye mzigo wa kuni, mbuzi, au bodaboda iliyozima injini ili kuokoa mafuta. Gia namba 2 na 3 zinatosha karibu njia nzima. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, basi mwenye 86 asishangae gari likilegea karibu na Soni. Anayeona sindano ya joto inapanda azime kiyoyozi, awashe hita kwa nguvu zote na ateremshe gia. Ikiendelea, asimame. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono bila kuunguza.

Soni, karibu katikati ya mpando, ndipo pa kusimama. Magari yaegeshwe nje kabisa ya barabara, si kwenye kona ili yaonekane kwenye picha. Msimu ukiwa wake, wauzaji wana plamsi na mapeasi. Dereva wa turbo aendeshe kilomita ya mwisho kwa upole na asizime injini papo hapo.

Lushoto

Tafuteni malazi yenye maegesho ya ndani na mlango wa lami au changarawe laini. Ulizeni swali hilo kwa simu mahususi: "Gari la chini linaingia bila kuburuza?" Nyumba nyingi nzuri ziko juu ya vilima na njia zake ni za udongo.

Sehemu ya kutazama ya Irente iko kilomita 5 hivi kutoka mjini, kwa njia ya vumbi na mawe. Msipeleke magari ya spoti. Kodini gari la juu au bodaboda, au tembeeni na mwenyeji. Mkifika kwenye mwamba, Mazinde iko chini ya miguu yenu na nyika inakwenda hadi macho yanapochoka. Jibini na mkate wa shamba la Irente vinafaa kuwa chakula cha mchana cha Jumamosi. Mtae ni pazuri mno pia, lakini njia ni ndefu na ya udongo: kodini Land Cruiser.

Egzosi kubwa zisingurume mjini usiku wala alfajiri. Bonde linarudisha sauti, na mzee aliyeamshwa na gari lako ndiye utakayemwomba msaada kesho betri ikigoma.

Kushuka

Jumapili ondokeni saa 2 asubuhi au baadaye, ukungu ukishapungua. Gia ya kushukia ni ileile ya kupandia: 2 au 3. Wenye otomatiki na CVT wahamie gia za mkono, wasiache kwenye D. Breki ibonyezwe kwa nguvu kabla ya kona, kisha iachwe kabisa ipoe. Kuigusagusa kidogo kidogo muda wote ndiko kunakoipika. Dalili zinakuja kwa mpangilio: kwanza harufu kali, kisha pedali inaenda mbali kuliko kawaida, kisha moshi. Simama kwenye harufu, usisubiri ya pili. Egesha kwenye gia, weka jiwe kwenye gurudumu, usivute handbreki kwenye gari ambalo pedi zake za nyuma zimewaka moto, na usimwagie maji diski. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.

Mombo kagueni tena nati, na Korogwe mjaze mafuta kwa kugawana vituo kama mlivyofanya mkienda. Wenye siku ya ziada wanaweza kukunja Segera kwenda kulala Tanga, kilomita 70 hivi, na kurudi Dar Jumatatu.

Wiki hiyohiyo ya kurudi, kila gari liinuliwe: ubavu wa ndani wa matairi, pedi, bushi za mikono, na chini ya bampa. Mweka hazina apeleke hesabu za mfuko wa pamoja kwa kila mtu, na kilichobaki kinunue kile kilichotumika: seti mpya ya kuziba tubeless, oili, na mbao kama zimepasuka.